Kaseti za Kwenda Jeddah

Barke alipopata kazi ya kulea watoto katika nyumba moja huko Jeddah, mwaka wa themanini na sita, kilichomtaabisha dadake Mwanaima hakikuwa umbali. Kilikuwa ni barua. Mwanaima alikuwa fundi wa cherahani pale Junda, na mkono wake ukikunja pindo la buibui lilikaa kama limepigwa pasi. Lakini mkono ule ule ukishika kalamu ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu: sisi wazima, mvua imenyesha, Ghalib akusalimu. Barke akajibu kwa kuuliza kama aliyeandika ni dadake au ni karani wa chifu.

Likizo yake ya kwanza Barke alirudi na redio kaseti kubwa nyeusi, ya kaseti mbili, yenye vitufe vinavyong'aa. Akaiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, kisha akamwita dadake.

"Sikiza. Kuandika huwezi, lakini kusema wajua. Bonyeza hiki na hiki kwa pamoja, useme. Kaseti ikijaa, mpe mtu yeyote aendaye umra. Mimi nitaisikiza Ijumaa, siku yangu ya kupumzika."

"Niseme nini?"

"Yale yale usemayo ukikaa kwenye cherahani. Nani kapita, kavaa nini, kanena nini."

"Hayo nayo ni ya kupeleka Makka?"

"Ni Jeddah, si Makka. Wewe yapeleke."

Kaseti ya kwanza Mwanaima aliirekodi amesimama wima mbele ya kabati, amejifunga mtandio kama yuko mbele ya kadhi. Haikufika hata nusu. Ya pili akaishusha ile redio, akaiweka kwenye meza ya kushonea kando ya mkebe wa vifungo, akaanza kuchapa kazi. Na alipokuwa akichapa kazi, akasahau kuwa inanasa.

"Assalamu alaikum Barke mwana wa mamangu. Nashona nguo za watoto wa madrasa, kijani hiki hiki cha kila mwaka, utadhani kitambaa chote cha kijani cha dunia kimemwagwa Junda. Huyo umsikiaye akicheka ni Kadzo. Kadzo, msalimie Barke."

"Barke, hujambo? Yule kuku wako amekufa."

"Kuku yupi? Si uliniambia kaibwa?"

"Aliibwa, kisha akafa."

Kadzo alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mgiriama aliyekulia hapo hapo Junda, na kazi yake ilikuwa kupika katika shughuli za watu. Harusi, hitima, maulidi, masufuria makubwa yote ya mtaa yalimjua. Akimaliza kupika huja kwa Mwanaima kunyoosha miguu, na kila alilolisikia jikoni huliacha pale kwenye cherahani. Kwa hivyo kaseti hazikukosa la kusema. Zilikwenda na mahujaji, zilikwenda na mabaharia, moja ilikwenda ndani ya kiatu cha mtoto. Nazo kaseti za Barke zilirudi, fupi fupi, kila moja ikianza vivyo hivyo: "Mimi mzima, msiwe na wasiwasi, nipeni habari za huko."

Basi kukawa na harusi kwa kina Mbwana, mwezi wa mvua. Mwanaima alikuwa upande wa wanawake, dirishani, na alichokiona alikirekodi kesho yake asubuhi kabla ya kunywa chai.

"Barke, leo nikupe la Mzee Khatibu, ucheke mpaka matajiri wako wakuulize una nini. Jana kaja harusini na kanzu nyeupe pee, na ndevu nyeusi tii. Nasema nyeusi, lakini si ile nyeusi ya Mungu, ni nyeusi ya dukani. Kapaka piko! Mara mvua ikamwagika. Wanaume wenzake wote mbio ndani, yeye kasimama uani kama nguzo ya stima. Aja kuingia kula, piko lamtiririka, kanzu ina michirizi mpaka kitovuni, punda milia mtupu, na mwenyewe hana habari! Kaketi kwenye sinia na adabu zake, asema, 'Tafadhali, niongezeeni kachumbari.' Wenzake wameziba midomo na mikono yenye mchuzi. 'Niongezeeni kachumbari!' Wallahi, nilishika dirisha nisianguke."

Mzee Khatibu alikuwa mtu mzima, mstaafu wa bandarini, aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Kanzu zake zote zilishonwa na Mwanaima. Mwanaima hakuwa na kinyongo naye hata chembe. Alimcheka kwa kuwa anachekesha, na kaseti ikaenda zake Jeddah.

Miezi ikapita. Siku moja Mwanaima alikwenda Magogoni kununua uzi na zipu. Njiani kulikuwa na kibanda cha Shee, mwuza kaseti mwenye tumbo kubwa na spika kubwa kuliko tumbo, na mbele ya kibanda wanaume walikuwa wameketi kwenye benchi wakinywa kahawa. Taarabu ikaisha. Pakawa na mkwaruzo, kisha mlio wa cherahani: krrr, krrr, krrr. Mwanaima akajiuliza ni fundi gani mpya huyo aliyekuja Magogoni. Kisha spika ikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu:

"Assalamu alaikum Barke mwana wa mamangu."

Wale wanaume walianza kucheka kabla ya kichekesho kufika, jinsi walivyokuwa wameshaikariri. Spika ilipofika kwenye sinia la pilau, benchi zima likainua vikombe na kusema kwa pamoja: "Niongezeeni kachumbari!"

Mwanaima akamwendea Shee, mtandio kaushika chini ya kidevu.

"Izime hiyo."

"Niizime? Watu wanywa kahawa kwa sababu yake." Shee akamtazama, akasikiza spika, akamtazama tena. "Subiri. Wewe ndiwe mwenyewe! Bi Mwanaima wa Habari za Junda! Alhamdulillahi, leo nimepata baraka. Unayo namba tano?"

"Namba tano ya nini?"

"Mimi ninayo ya kwanza mpaka ya nne. Ya nne imekatika mwishoni, wasema, 'na yule mwanamke', kisha basi. Watu hawalali wataka kujua yule mwanamke alifanya nini."

"Mwanamke gani?"

"Hilo ndilo twakuuliza wewe!"

Akamweleza. Kule Jeddah, Barke alikuwa akizisikiza kaseti siku ya Ijumaa pamoja na wanawake wengine wa Pwani wanaofanya kazi majumbani. Mmoja aliomba kopi, mwengine akaomba, na mmoja wao aliporudi Kisauni kwa likizo alikuja nayo mkobani. Shee akatoa kopi. Kopi ikazaa kopi. Sasa zilikuwa Kongowea, zilikuwa Frere Town, zilikuwa Changamwe kwa wafanyakazi wa viwandani, na zilivuka feri hadi Likoni.

Mwanaima alirudi nyumbani bila uzi wala zipu. Alipopita mlangoni kwa Mzee Khatibu akainamisha kichwa, lakini mzee alikuwa barazani akisoma gazeti, na salamu yake akaipokea kama siku zote. "Marahaba, mwanangu." Basi Mwanaima akajipa moyo kwamba mzee hana redio kaseti, na mtu asiye na redio kaseti atazisikia wapi?

Moyo ulipotulia, kikaingia kitu kingine. Wanawake wasiomjua walianza kuja na vitambaa kutoka mbali, na kumbe hawakuja kushonewa. Walikaa kwenye kiti cha wateja, wakajiweka vizuri, wakaanza kusema kwa sauti kubwa wakielekea kwenye mkebe wa vifungo. Mwikali, mpangaji wa nyumba ya nyuma aliyetoka Machakos, akaja amekasirika.

"Mama Mwanaima, nimekaa hapa Junda miaka mingapi? Hata siku moja hujanitaja. Mimi sina habari? Juzi si niliumwa na bata?"

"Uliumwa na bata?"

"Sasa ndio unauliza!"

Kwa upande mwengine, kwenye bomba la maji alipofika na ndoo zake watu walinyamaza. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Shhh, redio yaja." Mwanaima alisikia, akajifanya hakusikia, na alivyokuwa akirudi na ndoo kichwani alijikuta anatabasamu. Redio! Akaanza kusikia maneno yake kabla ya kuyasema. Akiwa matangani, watu wanalia, yeye anatafuta namna atakavyoeleza vile bi mkubwa mmoja alivyolia huku akichungulia sufuria. Akawa anafunga madirisha kabla ya kurekodi, anamnyamazisha Kadzo, anasimamisha cherahani ili sauti itoke safi.

Siku moja mumewe Ghalib, fundi wa mabomba na mtu wa maneno machache, aliteleza bafuni akaanguka kishindo. Mwanaima akaja mbio, akamkuta chini anashika kiuno.

"Uliteleza vipi hasa?" akamwuliza. "Mguu upi ulitangulia?"

Ghalib akamtazama kutoka pale sakafuni. "Mwanaima. Mimi ni mumeo au ni habari?"

Wiki ile ile Mzee Khatibu akapiga hodi.

"Mwanaima!"

"Abee, mzee. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuketi. "Nimekuja kuchukua kanzu zangu."

"Bado sijazimaliza, mzee. Hii moja ina pini tu, na ile nyengine sijaitia kola."

"Nitazichukua hivyo hivyo."

Mwanaima akazikunja polepole. Mzee akazipokea, akaziweka kwapani. Ndevu zake zilikuwa na rangi mbili, juu nyeupe na chini nyeusi, kama mtu aliyeacha kazi katikati.

"Sina neno na wewe," akasema. "Nimekujua ukiwa unatambaa. Lakini siku nyengine ukitaka kunicheka, nicheke nikiwapo, nami nicheke."

Akatoka. Mwanaima alibaki amesimama na utepe wa kupimia shingoni. Kadzo alipoingia alimkuta vivyo hivyo.

"Ameondoka na pini zangu," Mwanaima akasema, na machozi yakamtoka, na wote wawili walijua kuwa si ya pini.

Kadzo akaketi chini, akanyoosha miguu. "Wajua kwa nini alirowa siku ile?"

"Kwa kuwa alisimama mvuani."

"Na kwa nini alisimama mvuani? Mwavuli wake alinipa mimi. Moto ulikuwa wazimika, pilau liko nusu, na wanaume wote wamekimbia. Yeye peke yake ndiye aliyekuja. Kaushika mwavuli juu ya sufuria, alipochoka kanipa niushike, naye kasimama upande wa upepo akinikingia moto kwa kanzu yake. Lile pilau ulilokula ukaongeza, Mwanaima, lilipikwa chini ya mwavuli wa Khatibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilipokuja asubuhi ulikuwa umeshabonyeza vitufe."

Mwanaima akafuta macho kwa upindo wa leso. Kadzo hakuwa amemaliza.

"Na lile piko si upuuzi. Ameposa mjane wa Likoni, Mwanarusi, yule mwenye shamba la minazi na miembe. Kaka zake walikuwa waje kumwona mzee. Basi akawa yuwajaribu rangi kwanza, aone itakaa vipi. Sasa hao kaka wameisikia kaseti huko Likoni. Wametuma salamu kwamba bado wanafikiri."

"Kufikiri si vibaya."

"Wanafikiri tangu mfungo mosi, Mwanaima."

Siku ile hakushona. Jioni akafunga madirisha yote, akasafisha koo, akarekodi kaseti mpya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kucheka hata mara moja. "Mabibi na mabwana, napenda kuwafahamisha kwamba Mzee Khatibu ni mtu mwema, mwenye huruma, mcha Mungu, aliyewatendea majirani zake mema yasiyohesabika..." Ghalib aliisikiza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Yuwasifiwa kama maiti."

Hakumwamini. Asubuhi akaipeleka kwa Shee, na Shee kwa furaha ya kupata namba tano akaitia papo hapo kwenye spika. Benchi la kahawa likatega masikio. Baada ya muda mzee mmoja akaweka kikombe chini kwa upole.

"Inna lillahi," akasema. "Amefariki lini?"

"Hajafariki!" Mwanaima akapiga kelele.

"Bibi yangu," Shee akasema, "hii siwezi kuitoa kopi. Watu watakwenda kutoa rambirambi."

Na kama kwamba hilo halikutosha, kaseti ya Barke iliyofika siku chache baadaye ilikuwa na ukali ambao Mwanaima hajausikia tangu utotoni. "Dada, u mgonjwa? Hizi kaseti zako mbili za mwisho ni za nani? Cherahani iko wapi? Kadzo yuko wapi? Wasema kama wasoma taarifa. Mimi niliwapa wenzangu wasikize kwa kuwa walikuwa wakilia, wote kwao ni huko, wakisikia jogoo wa Junda wananyamaza. Nisamehe kama nimekukosea. Lakini usinisemee kama mgeni."

Mwanaima aliisikiza mara mbili. Kisha akajitanda, akamwambia Ghalib na Kadzo wamfuate, wakaenda nyumba ya tatu kupiga hodi.

"Nimekuja kuomba pini zangu, mzee," akasema, kwa kuwa hakupata mlango mwengine wa kuingilia.

"Moja nimeipata," Mzee Khatibu akajibu. "Sikuipata kwa mkono."

Ghalib akageuza uso akatazama ukuta. Kadzo hakugeuza kitu, alicheka waziwazi mpaka akashika kizingiti. Mzee akajaribu kujizuia, mashavu yakamfura, mwishowe akacheka naye. Hapo ndipo Mwanaima alipopata kusema yaliyompeleka. Akaomba radhi bila kuzungusha maneno. Akasema alieleza alichokiona dirishani, na dirisha lile lilikuwa dogo. Kisha akasema:

"Uliniambia nikucheke ukiwapo. Basi njoo kesho, uwepo."

"Mimi niseme na mashine?"

"Utasema na Kadzo. Mashine itakuwa hapo tu."

Alikuja baada ya swala ya alasiri, kaoga, kavaa kanzu ile isiyo na kola, na ile ya pini kwapani. Mwanaima akafungua madirisha, akaketi kwenye cherahani kuishona hiyo ya pini, akabonyeza vitufe. Mzee Khatibu akakaribia redio, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliowarusha kuku uani:

"BARKE! HUJAMBO HUKO JEDDAH?"

"Mzee, si lazima upaze sauti," Mwanaima akasema. "Yasikia."

"JEDDAH NI MBALI!"

"Kaseti itasafirishwa, mzee. Wewe sema taratibu."

Akasema taratibu, kwa kadiri alivyoweza. Akaeleza jinsi alivyonunua piko kwa siri katika duka la mbali ili asijulikane, na mwenye duka kumbe ni binamu wa yule yule Mbwana wa harusi. Jinsi maandishi ya pakiti yalivyosema halitoki kwa maji. "Nikasema, mwenye kuandika hivi bila shaka ameshalijaribu. Kumbe huko kwao hakunyi mvua." Akafika kwenye mvua na mwavuli.

"Nikamwambia Kadzo, shika mpini vizuri."

"Hukusema hivyo," Kadzo akamkatiza. "Ulisema, 'Ya Allah, kanzu yangu.'"

"Nilisema moyoni."

"Nilikusikia mimi na sufuria!"

"Huyu mwanamke," Mzee Khatibu akaiambia redio, "alinitia majivu puani, nikampa mwavuli, na pilau lilipoiva akanipa ukoko."

"Ukoko ndio mtamu! Wenzako walipigania!"

"Na ile kachumbari niliyoomba, Barke, niliiomba kwa kuwa ukoko ulikuwa umeungua."

Cherahani ikanyamaza, kwa kuwa Mwanaima alikuwa ameinamia meza hawezi kupumua. Ghalib aliyekuwa mlangoni na spana mkononi alicheka, na kicheko chake, ambacho hata majirani walikuwa hawajawahi kukisikia, kimo ndani ya kaseti ile. Mwisho kabisa, Mzee Khatibu aliuliza kama imekwisha. Akaambiwa bado kidogo. Akashusha sauti kwa mara ya kwanza, akasema, "Basi na wale wa Likoni wanaosikiza, niwaambie. Nina miaka sitini na minne. Nilisema hamsini. Hilo nalo lilikuwa piko."

Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe.

Kabla ya kuitoa nyumbani, Mwanaima aliizungusha kwa kila mtu aliyetajwa ndani, mmoja mmoja, akiwauliza kama wana la kufuta. Yule binamu wa Mbwana alitaka tu waongeze mahali duka lilipo. Kisha moja ikaenda Jeddah na moja ikaenda Magogoni, na Shee aliitoa kopi mpaka mashine yake ikapata moto, akalazimika kuipepea kwa gazeti.

Haukupita muda akashuka mwanamke mmoja mlangoni pa Mwanaima, mnene, mtulivu, buibui la bei na kitambaa cha zambarau mkononi. Akasalimu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema ametoka Likoni na ataka gauni.

"Likoni hakuna mafundi?" Mwanaima akamwuliza.

"Wako. Lakini hawana jirani apigaye kelele." Akatazama nje ya mlango. "Anakaa nyumba ipi?"

Mwanaima akaacha mkasi. "Bi Mwanarusi?"

"Ndimi. Kaka zangu bado wanafikiri, nikaona watafikiri mpaka nizeeke." Akakunja kitambaa mapajani. "Lile piko nilikuwa nalijua, mwanangu. Alipokuja nalo kwetu nilimtazama nikasema, mtu mwenye mikunjo ile chini ya macho hawezi kuwa na ndevu zile. Hilo halikunikera. Kilichonikera ni ile hamsini. Mimi mwenyewe nina hamsini na tano. Nilisema moyoni, je, huyu anioe au nimlee?"

Mwanaima alikaa na cheko lake kooni, akameza. Kisha akauliza kwa adabu, "Hilo, bi mkubwa, naweza kulitia kwenye kaseti?"

Mwanarusi akafikiri. "Litie. Lakini baada ya nikaha."

Nikaha ilifungwa Likoni mwaka uliofuata, Barke akiwa likizoni. Mzee Khatibu alikuja na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na mwavuli mkubwa, ingawa kulikuwa na jua. Kadzo alipika, na safari hii bwana harusi aliletewa ukoko wote kwenye sahani yake peke yake, kwa amri ya bibi harusi. Watu waliomwona Mwanaima akipita walijikaza na kunyoosha mitandio. Lakini aliyezungukwa zaidi alikuwa Barke. Wanawake asiowajua walimjia wakimshika mikono: "Wewe ndiwe Barke mwana wa mamangu?" Alicheka, akawajibu, akapiga picha nao.

Kesho yake mchana dada hao wawili walikaa ukumbini Junda, wamelala kwenye mkeka, miguu ukutani kuondoa uchovu. Mwanaima akaanza, "Unajua yule mke wa binamu wa Mbwana..."

"Aliyerudisha kabati?" Barke akasema. "Ulinambia."

"Na Mwikali?"

"Kaumwa na bata. Mara mbili."

Hapakuwa na jambo la Junda ambalo Barke hakulijua. Akageuza uso akamtazama dadake, akaona mistari midogo pembeni mwa macho ambayo hakuwa ameiona kwenye uwanja wa ndege wala harusini, na mikono iliyokauka kwa sabuni ya watu.

"Na wewe je?" akamwuliza. "Kaseti zako zote wasema u mzima. Mtu hawezi kuwa mzima tu miaka yote hii."

Barke alitazama dari. "Kuna yule mtoto mdogo wa matajiri wangu," akasema. "Nilimpokea akiwa na siku saba. Neno lake la kwanza wajua lilikuwa lipi? 'Ndoo.' Nilikuwa nikimwita aje kwa neno hilo siku nzima, ndoo kwangu, ndoo hapa. Basi siku hiyo wageni wamejaa ukumbini, mtoto kanyoosha mikono, kasema, 'Ndoo!' Mamake kamgeukia mumewe, kamwuliza, ni Kiingereza?"

Mwanaima akacheka. Barke alicheka pia, lakini kicheko chake kiliisha mapema.

"Hakuwa akimwita mamake, Mwanaima. Alikuwa akiniita mimi. Na mamake akajua."

Nje Kadzo alikuwa akimfukuza jogoo, na Ghalib alikuwa akigonga bomba taratibu. Mwanaima akaisogeza mito, akajilaza ubavu ili amwone vizuri.

"Kisha mamake akafanya nini?"

Barke akavuta pumzi, akaendelea.